Magogo ya Mzee Kitto

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi cha Penhallow, Jimbo la Victoria, Australia

Jina: Noreen Joyce Trevaskis
Umri: miaka 69
Kazi: mstaafu, zamani mpokea simu wa hospitali
Makazi: Warrnambool, kwa sasa kambi ya karavani ya Penhallow, nafasi namba 11
Tarehe: 19 Mei 2015, saa nne na nusu asubuhi
Anayeandika: Sajini Leanne Voss

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Sajini Voss ameniambia nieleze nilichokiona na kukisikia mwenyewe. Ameniomba pia nisiende mbali na habari yenyewe, maana Alhamisi, siku ya ajali, alishanisikia nikiongea. Nitajitahidi.

Nimekuja kwa sababu ya Mzee Ambrose Kitto. Mji mzima unasema yeye ndiye aliyeacha bila alama lile shimo la wachimbaji ambamo mume wangu Mervyn alianguka na kufa. Mwanangu anasema hivyo, na gazeti la wilaya limeandika hivyo. Jana nimesikia kwamba Mzee Kitto amerudisha funguo za makumbusho ya mji aliyokuwa akiyatunza, anasema huenda kweli alisahau, labda ni uzee. Hakusahau. Nataka hilo liandikwe mwanzoni, ili hata mtu akichoka kusoma awe ameshalijua.

Mimi na Merv tulioana miaka arobaini na minne iliyopita. Alikuwa fundi bomba. Tangu astaafu, kila mwaka baridi ikikaribia tulikuwa tunafunga nyumba, tunaifunga karavani, nyumba yetu ya magurudumu, nyuma ya gari na kuondoka, maana pwani yetu ina upepo wa kumtoa mtu machozi. Mwaka huu tuliamua kupita miji ya zamani ya dhahabu. Merv alikuwa amenunua ile mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, inayolia ikipita juu ya chuma chochote, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine. Babu wa babu yake alitoka Cornwall, Uingereza, akaja kuchimba huku, akaondoka mikono mitupu. Merv alikuwa akisema, "Mgao wa ukoo wetu bado uko chini kule, unanisubiri mimi."

Mnamo tarehe 12 Mei, Jumanne, saa tisa alasiri, tulifika Penhallow. Mtu anayejua maisha ya karavani anajua kwamba hakuna mtihani wa ndoa kama kuirudisha nyuma. Mume anashika usukani, mke anasimama nyuma akitoa ishara za mikono, na kambi nzima inatoa viti nje, glasi mkononi, kuja kutazama. Kosa langu ni kwamba mimi natoa ishara na kuongea pia.

Nilisema, "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Sasa umezidi. Merv, bomba! Bomba la maji!"

Akaligonga. Maji yakaruka juu kama yamefungiwa mwaka mzima. Watu walicheka sana, na jirani yetu wa nafasi namba 12, Bi Glenys Hocking, akapiga kelele, "Fundi bomba hakosi kazi, akikosa anavunja mwenyewe!" Merv alishuka garini masikio yamemwiva. Hakumtazama Glenys, alinitazama mimi.

Akasema, "Noreen, siku moja tu. Funga huo mdomo siku moja tu, tuone kama jua litakataa kuchomoza."

Nikamjibu, "Sawa." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mpaka Alhamisi asubuhi.

Kunyamaza kwangu si jambo dogo. Nimelipwa mshahara kwa kuongea maisha yangu yote, na nyumbani niliongea bure. Merv alijua hivyo. Jioni ile alijaribu mara mbili tatu kunichokoza, akauliza chumvi iko wapi hali ameishika. Nilikuwa nataka aniombe radhi, tena mbele ya watu wale wale waliocheka. Nilinuna kama mtoto, nami ni bibi wa wajukuu wanne.

Mnamo tarehe 13 Mei, Jumatano, saa nne asubuhi, tulikwenda kwenye matembezi ya mji. Tulikuwa watu tisa. Aliyetuongoza ni Mzee Kitto, umri wake miaka sabini na tisa, amevaa kizibao cha wachimbaji wa zamani na kofia iliyoliwa na panya. Kazi hiyo huifanya bila malipo. Lazima niseme ukweli, mzee yule anachosha. Alisimama mbele ya benki isiyo na paa akatueleza habari za kila meneja aliyewahi kukaa ndani, na mkewe, na maradhi yaliyomwondoa. Saa nzima ilipita tukiwa bado kwenye mtaa mmoja.

Merv alinong'ona sikioni mwangu, "Huyu na wewe mngefungua kituo cha redio."

Siku nyingine ningecheka. Niligeuka nikaitazama benki.

Mtaa ulipoishia, pale msitu wa mikaratusi unapoanza, Merv alisema anakwenda kununua pai ya nyama. Aliniambia, "Akifika mwaka elfu moja mia tisa, niite." Akaondoka. Kwa hiyo maneno yanayofuata Merv hakuyasikia, na mimi niliyasikia.

Mzee Kitto alivua kofia. Alisema, "Sasa nisikilizeni vizuri, haya hayamo kwenye kijitabu. Humu msituni kuna mashimo ya wachimbaji, marefu. Wenyewe waliyafunika kwa mbao wakaenda zao. Mbao zimeoza, juu yake kuna udongo na majani, unapita huoni kitu. Yale ninayoyajua mimi nimeyawekea magogo mawili makubwa, yamepishana hivi." Akaipishanisha mikono yake kifuani. "Mkiona magogo yamekaa namna hii, hayakuanguka yenyewe. Nimeyaweka mimi. Yazungukeni kwa mbali."

Mama mmoja akamwuliza kwa nini wasiweke vibao vya kuonya.

Mzee Kitto akajibu, "Vibao vinaibiwa, mama. Watu wanakwenda kuvitundika baa. Gogo nani ataiba?"

Tulicheka wote, hata mimi. Merv akarudi na pai yake, mchuzi umemchuruzika kidevuni. Akaniuliza, "Nimekosa nini?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga, nikapandisha mabega. Mzee Kitto alikuwa ameshaanza habari za mtambo wa kusagia mawe, na Merv akamfuata, anatafuna.

Siku hiyo hiyo saa tisa na nusu alasiri tulitoka na gari kwenda kutafuta kuni. Glenys alikuwa amepanga moto wa pamoja jioni, na kila karavani ilitakiwa ilete kuni zake. Merv alishika njia ya vumbi inayopita nyuma ya makaburi ya zamani. Baada ya kama kilomita tatu alisimamisha gari. Kando ya njia kulikuwa na magogo mawili ya mkaratusi, ya kijivu, yamekauka kau, moja limelala juu ya jingine. Yalikuwa yamepishana katikati.

Niliyatambua papo hapo. Sajini, hili liandikwe bila kulilainisha: sikudhani wala sikushuku. Nilijua.

Merv akasema, "Oo, ona mali hii! Na watu wote wamepita wakaiacha." Alichukua mnyororo, akaufunga kwenye ncha za magogo akiwa amesimama upande wa njia, akayavuta kwa gari moja baada ya jingine. Ndiyo maana siku hiyo hakukanyaga pale katikati. Akayakata kwa msumeno wa mashine njiani, mimi nimesimama kando ya gari na mikono mifukoni. Magogo yalipoondoka palibaki majani tu na magome, kama sehemu nyingine yoyote ya msitu ule.

Kisha akaja kusimama mbele yangu, jasho linamtoka, anatabasamu. Akasema, "Unajua nini, bibie? Wenye mashine wote wameupitia msitu huu miaka nenda rudi. Lakini chini ya gogo nani amepitisha mashine? Hakuna. Pale hapajaguswa. Kesho alfajiri niko hapa, kabla hao wengine hawajatoka kitandani."

Hili ndilo kosa la watu wa mashine. Mahali palipozuiwa wao wanapaona ni mahali palipobakizwa. Lakini yeye alikosea kwa kutojua, na aliyejua alikuwa amesimama mbele yake.

Aliniona ninavyomtazama. Akauliza, "Mbona unanitazama hivyo? Kuna kitu?" Nikakaa kimya. Akasema, "Sema basi. Mama, sema chochote, hata nitukane. Karavani imekuwa kama nyumba ya matanga."

Nilifungua mlango wa gari nikaingia ndani.

Sajini ameniuliza kwa nini sikusema. Nilijiambia, ametaka kimya, basi akile. Nilijiambia kwamba bado hajaniomba radhi. Nilijiambia kuna usiku mzima, nitamwambia kabla hajalala, na wakati huo atakuwa amejifunza. Sikuwa na sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hizo. Nimezitafuta siku tano sasa.

Jioni, kuanzia saa kumi na moja, tulikaa kwenye moto, kama watu kumi na wanne. Magogo yale yaliwaka vizuri sana, kila mtu aliyasifu. Glenys alifukia mkate wa unga kwenye majivu yake, wengine tukachoma soseji. Merv alisimama na bia yake akasimulia upya jinsi alivyovunja bomba, akajigeuza yeye ndiye mjinga wa hadithi, na mimi ndiye mwenye macho. Alisema, "Ningemsikiliza huyu mama, sasa hivi mngekuwa mnaoga maji ya moto." Watu walicheka, akanitazama huku akiwa amesimama.

Hiyo ilikuwa radhi. Ndiyo niliyoitaka, tena mbele ya watu wale wale. Nilijua ni radhi, nami nilimwona anangojea. Nikamgeukia Glenys nikamwuliza mkate anautia chumvi kiasi gani. Sijui nilikuwa nataka nini zaidi. Nadhani nilikuwa nimeanza kuona utamu wa kuombwa. Saa tatu usiku tulikwenda kulala, nikageukia ukutani. Alinifunika mguu uliokuwa nje ya blanketi. Nilisema moyoni, kesho.

Mnamo tarehe 14 Mei, Alhamisi, niliamka saa moja na dakika kumi asubuhi. Upande wake wa kitanda ulikuwa baridi. Mezani kulikuwa na kikombe cha chai yangu, amekifunika kwa kisahani isipoe, na biskuti mbili pembeni. Nilikaa nikainywa. Ilikuwa vuguvugu. Nilifika nusu ya kikombe ndipo nikakumbuka alivyosema kuhusu alfajiri, nikatazama nje, nikaona gari halipo.

Nilikimbia na ndara za ndani mpaka kwa Glenys. Nikamwambia, "Glenys, toa gari! Merv amekwenda kwenye shimo."

Akasema, "Shimo gani?"

Nikasema, "Twende tu, nitakwambia njiani." Sikumwambia njiani. Lakini Glenys atathibitisha kwamba nilitaja shimo kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna shimo. Naomba aulizwe.

Tulilikuta gari letu kando ya njia. Pale magogo yalipokuwa palikuwa na tundu jeusi, upana wake kama mlango. Mbao za wale wazee zilikuwa zimevunjika, misumari yao ya zamani imetokeza nje yenye kutu. Nadhani mashine ililia kwa sababu ya misumari ile, naye akaifuata. Nilimwita.

Akajibu kutoka chini, "Noreen? Usisogee! Kaa hapo hapo, ardhi imeoza." Halafu akasema, "Kumbe sauti unayo."

Nikasema, "Ninayo, mjinga wewe. Umeumia wapi?"

Akasema, "Mguu umeelekea nisikokwenda. Na ubavu huu wa kulia, sijui."

Nikamwuliza, "Unaona chochote?"

Akasema, "Mashine iko chini yangu, bado inalia. Nadhani nimekalia dhahabu."

Glenys alirudi na gari mpaka juu kilimani, ambako simu inashika, akaomba msaada. Mimi nililala kifudifudi mbali kidogo na tundu. Kikosi cha uokoaji cha kujitolea kilifika saa tatu kasoro dakika kumi, wakiongozwa na Bi Shayna Duggan. Walikuja na Mzee Kitto kwenye gari lao, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ardhi ya humu. Walipima, wakasema ni mita kumi na moja, na kuta zinamomonyoka, hawawezi kuteremka kabla hawajaweka mihimili.

Shayna alichuchumaa kando yangu. Akasema, "Mama, mzee asilale. Muongeleshe. Ongea lolote, usinyamaze hata kidogo. Ila usimtie hofu."

Basi nikaongea. Nilimweleza habari za nyanya tulizoziacha bila kumwagiwa maji, na mbwa wa jirani anayezilalia. Nilimkumbusha alivyomshika mwanetu Darryl siku aliyozaliwa, kama mtu aliyepewa bomba linalovuja. Nilimwambia kwamba radhi yake ya jana niliisikia, na kwamba nilikuwa mkaidi. Hapo alicheka, halafu akakohoa sana. Alisema, "Ulikuwa unatokota tu. Nilijua ukiiva utafunguka."

Baadaye kidogo, sauti yake ikiwa imeshapungua, akauliza, "Nor, hivi hapa hapakuwa na alama yoyote?"

Shayna aliniwekea mkono begani, akatikisa kichwa. Nikasema, "Tuyaache hayo, utauliza ukitoka."

Akasema, "Haya." Kisha akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Sikumsikia tena kuanzia hapo. Niliongea wakati wanaweka mihimili, niliongea wakati kijana wao mmoja anateremka na kamba, niliongea alipopanda akamnong'oneza Shayna. Nilikuwa namweleza Merv njia tutakayorudia nyumbani, mji kwa mji. Mzee Kitto ndiye aliyepiga magoti akanishika mkono. Alisema, "Mama Trevaskis, inatosha sasa." Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Naomba kueleza kilichofuata, kwa kuwa ndicho kilichonileta. Watu wa mji walikuwa wameshajaa njiani. Mzee Kitto alisimama ukingoni, anaitazama ile ardhi. Alisema, kama anasema peke yake, "Hapa niliweka magogo. Mimi nadhani niliweka." Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Umesahau hili, mzee. Umri huo." Mzee Kitto akageuka. Kila mtu alikuwa anamtazama. Akasema, "Labda." Halafu akanitazama mimi. Alikuwa ananiomba nimwambie kama sisi tuliona chochote tulipopita, ingawa hakutamka. Niliinamisha uso. Mume wangu alikuwa anapandishwa kwenye machela, na watu walidhani ninalia kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo mara ya kwanza nilimnyamazia mume wangu kwa ukaidi, na mara ya pili nikamnyamazia Mzee Kitto kwa aibu. Ya pili ndiyo ninayoweza kuirekebisha.

Mwanangu Darryl alifika Ijumaa. Darryl si mtu mbaya, alimpenda baba yake kupita kiasi. Ameshamwona wakili, na ndiye aliyezungumza na gazeti. Jumamosi aliniambia, "Mama, wewe sema tu kwamba hapakuwa na alama. Na ni kweli hapakuwa nayo, sivyo?"

Nikamwambia, "Alipoanguka haikuwepo."

Akasema, "Basi, ndilo hilo la kusema." Akanikumbatia. Nikashindwa kuendelea. Tangu Alhamisi anatafuta mtu wa kumbebesha lawama, nami nilimwachia ambebeshe mzee wa watu ambaye hana kosa.

Jana jioni Glenys aliniambia kwamba amempita Mzee Kitto msituni peke yake, na fimbo, anakagua mashimo yake moja moja. Alimwambia Glenys haamini tena kichwa chake. Alisema analiona gogo kwa macho yake, lakini akifika nyumbani hana hakika kama aliliona leo au mwaka jana. Usiku sikulala.

Sasa nasema hivi. Mzee Kitto aliliwekea shimo lile magogo mawili yaliyopishana, kama alivyotuambia, mahali panapoonekana. Mume wangu aliyaondoa kwa mnyororo tarehe 13 Mei, kama saa kumi jioni, mimi nikiwepo. Kambi nzima tuliota moto wake. Vipande viwili havikuungua, viko chini ya karavani yetu, na alama za mnyororo bado zinaonekana. Havijaguswa, mje mvichukue. Kichwa cha Mzee Kitto ni kizima. Aambiwe hivyo na polisi, kwa maandishi, kwa sababu akiambiwa na mimi peke yangu atadhani ninamhurumia.

Merv hakujua. Hilo pia liandikwe. Angejua asingegusa hata gome. Alikuwa mtu mwangalifu katika kila kitu isipokuwa kurudisha karavani nyuma, na nimemkosa kwa namna ambayo sina maneno yake, mimi niliyekuwa sikosi maneno.

Nimefika mwisho. Nimeyasema haya bila kulazimishwa wala kuahidiwa chochote, nimesomewa, nami nayakubali kuwa ni yangu.

(Sahihi) N. J. Trevaskis

Maelezo ya afisa: Mimi, Sajini Leanne Voss, nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Kabla hajatia sahihi nilimjulisha kwamba yatapelekwa kwa hakimu anayechunguza kifo, na kwamba madai ya familia huenda yakaathirika. Alisema anaelewa. Aliomba mwanawe, Bw. Darryl Trevaskis, aliyekuwa akingoja nje, aitwe, akamsomea maelezo yote yeye mwenyewe kwa sauti. Bw. Trevaskis aliomba sehemu inayohusu magogo ifutwe. Shahidi alimjibu, "Ijumaa tunazika mtu mmoja, Darryl. Sitaki tuzike wawili." Kisha akatia sahihi mbele yangu, saa sita na dakika arobaini mchana.

(Sahihi) L. Voss, Sajini